Mke wa Kibatawi na Jina la Nabahani

Koo chache za pwani yetu zimesimuliwa kwa Kiswahili kama ulivyosimuliwa ukoo wa Nabahani. Habari za Pate ni tarihi ya wafalme waliokitawala kisiwa cha Pate, kaskazini mashariki ya Lamu. Wafalme hao, tangu yule wa kwanza anayesemekana kuja kutoka Uarabuni mpaka wa mwisho waliokimbilia misitu ya Witu, wamebeba jina moja. Kwa hiyo ni historia ya mji, na papo hapo ni historia ya jina la ukoo: lilikotoka, lilivyoingia, lilivyorithiwa, lilivyohama.

Wasomi wameishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wameijia na swali moja: miaka inayotajwa humo ni ya kweli? Ni swali la haki, na nitalifikia. Lakini tarihi hii ni utungo pia. Ina mwanzo uliochaguliwa, ina sentensi zinazojirudia kwa makusudi, ina mahali inapokimbia na mahali inaposimama. Nikiisoma kwa kufuata umbo lake, naona masimulizi yanaanza kwa kukiri wazi kwamba Wanabahani waliupata ufalme wa Pate kupitia kwa mke, kisha mpango wenyewe wa masimulizi, mfalme baada ya mfalme, unamfunika mke huyo. Vuta nikuvute kati ya kisa kinachomkumbuka na orodha inayomsahau ndiyo inayoifanya tarihi hii iendelee kusomeka hata baada ya miaka yake kutiliwa shaka.

Kwanza msimulizi, kwa sababu jina lake ni sehemu ya utungo. Matoleo yanayojulikana zaidi yanarudi kwa mtu mmoja, Mohamed bin Fumo Omari Nabahani, aliyeitwa Bwana Kitini. Yeye aliyapokea masimulizi kwa babu yake, Mohamed bin Bwana Mkuu Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Simba. Inasemwa kwamba kitabu cha asili kilipotea Witu, Waingereza walipouvamia na kuuteketeza mji ule mwezi wa Oktoba 1890, na kwamba kilichobaki ni kile kilichokuwa vifuani mwa watu. Mwingereza C. H. Stigand alisimuliwa na Bwana Kitini, akachapisha habari hizo kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner alifuata mwaka 1915 na matini ya Kiswahili, na Mjerumani M. Heepe mwaka 1928 akatoa matini nyingine. Marina Tolmacheva aliyakusanya matoleo haya pamoja katika kitabu cha mwaka 1993, na hapo ndipo msomaji anapoweza kuona yanapolingana na yanapoachana.

Umbo la mapokezi haya linafahamika kwa yeyote aliyesoma chuoni: fulani kutoka kwa fulani. Ni umbo la isnadi, lililozoeleka katika hadithi za Mtume. Tofauti iko katika nyumba. Isnadi ya hadithi hupita kwa wapokezi wa miji na koo mbalimbali, na nguvu yake inatokana na mtawanyiko huo. Isnadi ya Habari za Pate haitoki nje ya mlango. Mjukuu amepokea kwa babu, wote Wanabahani, wakisimulia Wanabahani. Sisemi hivyo ili kuwatia doa. Nasema ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba jina lililo kwenye habari ndilo lililo kinywani mwa mtoa habari, na kwamba kila kinachoachwa kimeachwa na mwenye jina.

Sasa tutazame sentensi. Sehemu kubwa ya tarihi imeundwa kwa kauli moja inayorudi na kurudi: mfalme fulani akatawala, akafanya hili au lile, akafa mwaka fulani wa Hijra, akaacha watoto fulani na fulani, akatawala baada yake mwanawe au nduguye. Kiambishi -ka- ndicho kinachoisukuma habari yote. Kila anayesema Kiswahili anajua kazi yake: kinaunganisha tendo na tendo lililotangulia bila kueleza kwa nini. Akaja, akaoa, akatawala, akafa. Sababu, kama ipo, msikilizaji ataitafuta mwenyewe.

Linganisha na neno dogo linalofunga majina: bin. Nalo linaunganisha bila kueleza. Mohamed bin Abubakari bin Bwana Mkuu. Hatuambiwi walipendana au waligombana, nani alilelewa na nani, nani alizaliwa na mke gani. Tofauti ni mwelekeo. Bin hurudi nyuma, kutoka kwa aliye hai kwenda kwa waliolala. -Ka- huenda mbele, kutoka kwa wa kale kuja kwa wa leo. Tarihi nzima ni jina refu la ukoo lililogeuzwa likasimuliwa kuanzia mwisho wake. Chukua jina kamili la Bwana Kitini, panda bin moja baada ya nyingine mpaka juu, kisha shuka nalo kwa -ka-: umepata Habari za Pate. Ndiyo sababu utungo huu haujengwi kwa vita wala kwa biashara, ingawa vyote vimo. Umejengwa kwa urithi, na kilichoshindwa kuingia katika urithi kimepata mlango mwembamba sana wa kuingilia katika habari.

Mwanzo wa jina umewekwa mwaka 601 wa Hijra, yaani karibu mwaka 1204. Mwaka huo, tarihi inasema, alifika Pate Sulaiman bin Sulaiman bin Mudhafar Nabahani pamoja na ndugu zake, Ali na Athumani. Walikuwa wafalme Uarabuni, wakaondoka baada ya ufalme kushikwa na ukoo wa Yaarubi.

Hapa ndipo wanahistoria walipowasha taa. Banu Nabhan ni ukoo wa kweli wa Oman. Walitawala sehemu za nchi ile kuanzia katikati ya karne ya 12, na mji wa Bahla, wenye ngome kubwa ya udongo iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, ulikuwa makao yao. Lakini Yaarubi waliowaondoa walishika uimamu mwaka 1624. Mtu aliyefukuzwa na Yaarubi hawezi kuwa amefika Pate mwaka 1204. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyefanya kazi kubwa katika pwani yetu, aliandika makala mwaka 1969 akidai kwamba tarihi imerudisha mambo nyuma kwa karne kadhaa, kwamba Pate haikuwa mji mkubwa katika zama zinazotajwa, na kwamba Wanabahani walishika ufalme baadaye sana. Waliochimba Pate baada yake walikuta mabaki ya kale kuliko alivyodhani kuhusu mji, lakini umri wa mji si umri wa jina. Kuhusu jina, hoja ya Yaarubi bado ni nzito.

Nakubaliana na hesabu ya Chittick. Sikubaliani na tabia iliyozuka baada yake, ya kuichukulia habari ya mwanzo kuwa kosa la kusahihishwa kisha kuachwa. Kosa hilo lina umbo, na umbo lake linasema kitu. Tazama jina la mwasisi: Sulaiman bin Sulaiman. Kwa kawaida mtoto hupewa jina la babu, ndiyo maana majina katika nasaba zetu hurudi kwa kupishana, Ahmed kisha Mohamed kisha Ahmed. Jina la baba na la mwana kuwa moja ni jambo la nadra, mara nyingi likitokea pale baba alipofariki kabla mtoto hajazaliwa. Oman kulikuwa na Sulaiman bin Sulaiman al-Nabhani wa kweli, mfalme wa karne ya 15 aliyekuwa pia malenga, na diwani yake ya mashairi ya Kiarabu inasomwa hadi leo. Kama yeye ndiye aliyekumbukwa Pate, au jina lake tu ndilo lililovuka bahari, sidai kujua. Ninachokiona ni kwamba tarihi imemchagulia mwasisi jina la Mnabahani mashuhuri, ikampa sababu ya kuondoka inayotoka karne ya 17, ikampa mwaka wa karne ya 13. Zama tatu zimeshonwa kuwa mtu mmoja. Mnyororo wa bin unahitaji pete ya kwanza, na pete ya kwanza lazima ibebe uzito wa zote zinazofuata.

Kisha inakuja harusi. Hapa tarihi, iliyokuwa ikikimbia, inasimama.

Wageni wanafika na mali na watu wengi. Mwenyeji wao ni mfalme wa Pate wa Kibatawi, ukoo wa wenyeji. Sulaiman anatuma zawadi kwa mfalme na kwa wakubwa wa mji, kisha anaposa binti wa mfalme, anaozwa. Anakaa fungate siku saba. Siku ya saba anatoka kwenda kumwamkia mkwewe, na mkwe, mbele ya watu wa Pate, anamkabidhi ufalme.

Angalia jinsi sehemu hii ilivyotungwa tofauti na nyingine. Mambo ambayo kwingine yangemalizwa kwa kitenzi kimoja yanapewa hatua: zawadi, posa, ndoa, fungate, salamu, makabidhiano. Kuna hesabu ya siku, ilhali kurasa zinazofuata zinahesabu miaka. Kuna mtu anayenena mbele ya watu. Na kuna adabu ambayo kila Mswahili anaitambua: mume mpya hatoki ovyo ndani ya fungate, na anapotoka, mguu wake wa kwanza ni kwa wakwe. Ufalme unapita katikati ya adabu hiyo kana kwamba ni sehemu yake. Mpangilio wa kawaida wa mahari umegeuzwa: mume ametoa zawadi, lakini aliyetoa kikubwa ni baba wa mke.

Na mke? Katika toleo la Stigand hana jina. Ni binti wa mfalme, kisha ni mke, kisha hayupo. Hasemi. Haulizwi. Siku saba anazozikaa na mumewe ndizo zinazohamisha ufalme kutoka ukoo hadi ukoo, na siku hizo tarihi imezifunga kwa neno moja la fungate. Baada ya hapo wanazaliwa watoto wa kiume, wanaitwa Nabahani, na umbo la kawaida linarudi: akatawala, akafa, akaacha watoto.

Ufupisho huu haukuwa wa lazima. Tarihi nyingine kubwa ya pwani, ile ya Kilwa, nayo ina mgeni anayepewa kisiwa na mwenyeji, lakini humo kisiwa kinanunuliwa kwa nguo za kukizungushia. Umbo la biashara lina mwisho: nguo zimetolewa, kisiwa kimechukuliwa, aliyeuza aende zake. Umbo la ndoa halina mwisho wa namna hiyo. Kila mtoto anayezaliwa baada yake ni Mbatawi kwa mama na Mnabahani kwa baba, na damu hiyo inaendelea iwe imeandikwa au haikuandikwa. Watunzi wa Pate wangeweza kusimulia ununuzi, au vita. Sulaiman wao alikuja na watu wa kutosha. Walichagua ndoa, wakachagua pia jina linalopita kwa baba peke yake. Machaguo mawili hayo yanavutana, na utungo haukujaribu kuyapatanisha.

Mvutano unaonekana ndani ya majina ya wafalme. Juu ya orodha yako majina ya Kiarabu yaliyonyooka. Shuka vizazi kadhaa, unakutana na Bwana Mkuu, Bwana Tamu Mkuu, Bwana Tamu Mtoto, Fumo Luti, Fumo Madi. Fumo ni cheo cha kale cha watawala wa pwani ya kaskazini, kile kile cha Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani hiyo, na Madi ni Mohamed aliyefupishwa kwa ulimi wa Kiswahili. Jina la mfalme wa Pate limegawanyika sehemu tatu. Mbele kuna lakabu au cheo cha Kiswahili, katikati kuna mnyororo wa majina ya Kiislamu, nyuma kuna Nabahani. Kila sehemu ina kazi yake. Kwa kuwa Mohamed, Ahmed na Abubakari wanarudi mara nyingi mno, mnyororo hauwezi kumtambulisha mtu; unachoweza ni kumweka mahali pake katika urithi. Anayemtambulisha mtu ni Bwana Tamu. Na Nabahani hamtambulishi yeyote, kwa sababu wote wanaye. Kazi yake ni kufunga mlango, kusema nani yumo na nani hayumo.

Mtu akisoma sehemu hizo tatu kwa mfuatano atasikia historia ya Pate yenyewe: kinywa cha Kiswahili kikitamka majina ya Kiarabu mpaka kifike kwenye neno la Oman. Mke wa Kibatawi ameachwa nje ya sehemu ya kati na ya mwisho. Mimi namsikia katika ya kwanza. Lakabu ni majina ya nyumbani, ya malezi, yanayotokana na lugha ambayo mtoto hunyonya kwa mama. Tarihi haisemi hivyo, ila wafalme walioitwa Bwana Tamu hawakulipata jina hilo Bahla.

Mara chache orodha inavunjika, nazo ndizo kurasa bora. Kuna kisa cha safari ya baharini na mchanga uliotokea kuwa fedha, kisa chenye ladha ya ngano, kilichowekwa ili kueleza utajiri wa Pate. Na kuna kisa cha Fumo Madi, mfalme mkuu wa mwisho wa Pate, aliyetawala katika robo ya mwisho ya karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Alikamata watu arobaini wakubwa waliompinga, wakiwemo ndugu zake wawili, wakachinjwa juu ya dari ya jumba la kifalme, damu ikashuka mpaka njiani. Tarihi inalisimulia hili bila kupandisha sauti. Baada yake, inasema, alitawala kwa utulivu. Ndugu waliochinjwa walikuwa Nabahani kama yeye, wenye bin ile ile na mwisho wa jina ule ule. Orodha ya urithi ingewapita kimya, kwa kuwa hawakutawala. Kisa cha dari kimewazuia wasipitwe. Hapo naona uaminifu wa Bwana Kitini. Alikuwa na umbo lililomruhusu kunyamaza, naye hakunyamaza.

Kabla ya Fumo Madi alitawala mwanamke, Mwana Khadija, katika miaka ya 1760 na mwanzoni mwa ile ya 1770. Jina lake linafuata kanuni kwa ukamilifu: binti Bwana Mkuu, Nabahani. Binti badala ya bin, na yote mengine sawasawa. Lakini habari zake hazifuati kanuni. Wakati wake mji ulikuwa na pande mbili, yeye na mshindani wake, fitina na vita. Msomaji wa haraka atasema tarihi inamlaumu mwanamke kwa machafuko. Sioni lawama hiyo katika maneno. Machafuko yalikuwepo pia kwa wanaume waliomtangulia, na aliyemfuata ndiye aliyejaza dari damu. Ninachokiona ni ugumu wa umbo. Kauli ya kawaida inamtaka mfalme aache watoto watakaoitwa kwa jina lake, na mwanamke, kwa kanuni ya bin, hawezi kulipitisha jina. Mwana Khadija anaweza kuupokea ufalme wa Nabahani, hawezi kuuzaa. Yule mke wa kwanza aliweza kuuzaa, hakuweza kuupokea. Wanawake wawili hawa ni pande mbili za mpaka mmoja, na tarihi, bila kukusudia, imewaweka mmoja mwanzoni na mwingine karibu na mwisho wa enzi.

Pate ilikuwa na njia nyingine ya kuwataja waliopita. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoomboleza mji huo huo, waliotoweka wanaulizwa waliko, na majina yanayotajwa hayaunganishwi kuwa orodha ya urithi. Kila mtu anasimama peke yake mbele ya kaburi lake. Jina la ukoo halimsaidii. Nadhani tarihi na utenzi huo vinapaswa kusomwa pamoja shuleni, kwa sababu vinatumia majina ya mji mmoja kwa makusudi yanayopingana.

Mwishoni tarihi inabadilika tena. Baada ya Pate na Mombasa kushindwa na Lamu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa muongo wa 1810, nguvu za Busaidi wa Oman na Unguja zilipanda, na katikati ya karne ya 19 Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa naye Simba (si yule babu wa Bwana Kitini), alihamia bara, Witu. Ujerumani ikaweka ulinzi huko mwaka 1885. Mwaka 1890 Ujerumani ikamwachia Mwingereza. Mwezi wa Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba mji ukateketezwa na jeshi la majini la Waingereza. Fumo Bakari, mfalme wa wakati huo, alifariki mapema mwaka 1891. Kadiri tarihi inavyokaribia siku hizo ndivyo orodha inavyolegea na masimulizi yanavyonenepa: majadiliano, barua, usaliti, mapigano. Bwana Kitini hapa hasimulii waliolala. Anasimulia watu aliowajua.

Na hapa, nadhani, ndipo harusi ya mwanzo inapopata maana yake. Randall Pouwels alionyesha katika makala ya mwaka 1996 kwamba Habari za Pate ni zao la karne ya 19 kwa kiasi kikubwa, lenye haja za karne hiyo. Nayakubali hayo, na umbo linayatilia nguvu. Jiulize Mnabahani wa Witu alihitaji nini. Alikuwa akishindana na Busaidi, Waarabu wa Oman walioingia Pate kwa askari na bunduki. Ili awazidi alihitaji mambo mawili kwa pamoja: awe wa Oman kwa zama za kale kuliko wao, na awe wa Pate kwa njia ambayo wao hawakuwa nayo. Sulaiman bin Sulaiman na mwaka 601 vinampa la kwanza. Mke wa Kibatawi anampa la pili. Ufalme wa Nabahani ulitolewa na mwenye nao, siku ya saba, mbele ya watu. Wa Busaidi ulichukuliwa. Kisa cha ndoa ni shahidi mkuu wa madai ya ukoo, na ndiyo sababu kimehifadhiwa kwa hatua zake zote ilhali mengi mengine yamepotea. Shahidi huyo hakupewa jina kwa kuwa madai yalihitaji ndoa yake tu.

Jina lenyewe limeendelea bila ufalme. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, ndiye aliyelifikisha mbali zaidi katika zama zetu: malenga, mhifadhi wa mashairi ya kale, mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyetupatia neno runinga. Mwaka 1979 kilitoka kitabu chake Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaotaja chombo cha Lamu kipande kwa kipande, kutoka mkuku hadi tanga. Juu ya jalada Nabhany limesimama kama jina la ukoo la kisasa, bila bin, bila al. Serikali na wachapishaji wanapenda hivyo: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Mnyororo umekatwa, pete ya mwisho ikabaki. Kinachonigusa ni alichokifanya chini ya jina hilo. Badala ya kuorodhesha wafalme, ameorodhesha mbao, kamba na misumari, na kila kitu amekiita kwa jina lake la Kiswahili cha Kaskazini. Ustadi wa kuorodhesha ni ule ule wa Habari za Pate, lakini umehamia upande wa lakabu, upande wa lugha ya mama.

Tarihi hii inastahili toleo jipya la Kiswahili, lenye hati zetu na maelezo yetu, litakalouzwa Lamu na Mombasa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu. Likija, nina ombi moja kwa mhariri. Wahariri wa tarihi hupenda kuweka jedwali la nasaba mwanzoni, wafalme na miaka yao, mistari ikishuka kutoka baba kwenda mwana. Jedwali la namna hiyo linaihesabu bin peke yake na kuacha kisa. Mstari wa kwanza kutoka kwa Sulaiman bin Sulaiman uchorwe ukitoka kwa watu wawili, na upande wa pili paandikwe kile ambacho matini yenyewe inakisema: binti wa mfalme wa Kibatawi. Mahali pa Mwana Khadija paandikwe malkia, si pengo kati ya wanaume. Na ndugu wawili wa Fumo Madi, hata kama hawakutawala hata siku moja, wawekwe kando yake.